Usimlipe Fundi kwa Kuzima Taa

 Mdogo wangu, ujumbe wako kutoka Kiomboi nimeusoma wote, mpaka pale ulipoandika kwamba shemeji amechoka na anataka gari liuzwe. Lisiuzwe kwanza. Nimeona nikujibu hapa konani badala ya kukujibu pembeni, maana naamini wapo wenye shida hii hii Singida mjini na Igunga, ila wameona haya kuuliza.

Kwa ambao hawakuusoma ujumbe wake: ni gari la petroli, la mkononi. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi anachomeka kipimo chake chini ya usukani, anasoma, anasema "mvuke wa mafuta unavuja", anabonyeza, taa inazimika, anapewa chake. Wiki inapita kwa amani. Halafu asubuhi moja, gari likiwa limelala nje kwenye baridi, mwenye gari anawasha aende Misigiri akashike lami ya Singida, na taa hiyo imemkodolea macho. Ameshabadilishiwa valvu moja, na bado taa imerudi.

Nianze na hilo la kuzima taa, maana ndilo linalokula hela yako. Fundi akifuta taa amefuta maandishi tu, tundu liko pale pale. Na ataonekana mkweli kwa siku kadhaa, kwa sababu kompyuta ya gari haipimi uvujaji kila unapowasha. Inasubiri mambo yake yatimie: injini iwe imepoa baada ya gari kupumzika saa nyingi, hali ya hewa isiwe ya joto kali wala baridi kali, tangi lisiwe tupu wala lisijae pomoni, kwa magari mengi ni kati ya asilimia 15 na 85. Yapo magari, kwa mfano baadhi ya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ambayo hujipima yakiwa yamezimwa, saa tano hivi baada ya kuegeshwa, wakati mwenyewe umelala. Tena kwa kawaida kompyuta haiwashi taa mpaka jaribio lishindwe mara mbili mfululizo. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukiwa mtu wa safari fupi za sokoni na shuleni, na kila ukienda sheli unajaza fulu, siku nyingi zitapita kabla jaribio halijafanyika. Hiyo ndiyo wiki yako ya amani. Taa ikirudi, hakuna kipya kilichoharibika.

Lakini kabla ya habari za taa, tumia pua. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, au ukiona unyevu chini ya tangi, hilo si la kusubiri mshahara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na unaweza kulifuata jiko la mkaa lililo upande wa pili wa uwanja. Tanzania tumelijua hilo kwa msiba: tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Gari lako halibebi mafuta ya lori, ila cheche haiulizi lita. Liegeshe nje, mbali na jiko, asisogee mwenye sigara, usimulike kwa kiberiti, na fundi afuatwe alipo. Watoto usiwapandishe mpaka litengenezwe, kwa sababu ndani ya petroli mna benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Na mtu asikushawishi tangi lichomelewe ati "halina mafuta". Tangi lililokaushwa mafuta lakini likabaki na mvuke linalipuka vibaya kuliko lililojaa.

Kama harufu hakuna, gari linavuta sawasawa na taa imewaka tuli, pumua. Unaweza kwenda nalo mpaka mwisho wa mwezi. Ila ujue kwamba taa hiyo moja inatumika kutangaza makosa mengi, kwa hiyo ikiwa imeshawaka kwa ajili ya mvuke, kosa jingine likizaliwa hutaambiwa. Ikianza kumetameta, simama: hapo kuna silinda isiyochoma mafuta yake vizuri, na kuendelea kuendesha kutakuharibia vitu vya bei mbaya.

Sasa tuzungumze kinachovuja. Petroli haitulii. Huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na hata chini ya hapo inatoa mvuke muda wote. Kiomboi nayo mko juu, kwenye uwanda wa Iramba, ambako hewa ni nyepesi na mvuke hutoka kwa urahisi zaidi. Gari likilala kwenye baridi yenu ya Juni, kisha likaanikwa juani nje ya ofisi, tangi linahema kutwa. Zamani mvuke huo uliachiwa uende zake. Huko Los Angeles, miaka ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu mchafu uliokuwa ukiwachoma watu macho ulitokana na mvuke wa petroli na gesi za magari zikipigwa na jua. Jimbo la California likadai magari ya kuanzia mwaka 1970 yaunase mvuke wa tangi, na mwaka uliofuata ikawa hivyo Marekani nzima.

Kinachounasa ni mkaa. Kuna kopo la plastiki ambalo mafundi huliita kanista, limejazwa punje za mkaa wa kiwandani wenye vitundu visivyohesabika. Mvuke unatoka kwenye tangi, unapita kwenye mpira, unaingia humo na kung'ang'aniwa. Ukiwasha gari na kutembea, valvu iliyo mbele karibu na injini inafunguka, injini inaunyonya ule mvuke na kuuchoma. Kwa hiyo hata petroli iliyogeuka hewa unaitumia, maana umeilipia. Valvu ya pili iko nyuma kwenye kanista, kazi yake kuruhusu hewa safi iingie. Kompyuta ikitaka kupima, inafunga njia zote na kuangalia kama hewa iliyofungiwa inabaki ilivyo au inapenya mahali. Magari yenye kipimo kikali hugundua tundu la nusu milimita. Usimwone fundi mjinga akilizunguka gari zima bila kuona kitu. Tundu hilo jicho halilioni.

Hapa nitie neno ambalo baadhi ya wauza spea hawatalipenda. Magari mengi tunayotembelea Tanzania yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, yakaja kwetu yakiwa yametumika. Mengi ya hayo yana kanista na valvu ya mbele, lakini hayana kipimo cha uvujaji kikali kama cha magari ya Marekani, kwa sababu sheria ya kwao haikudai hivyo. Basi mtu akikuambia kigari chako cha Kijapani kinavujisha mvuke bila kukuonyesha namba, muulize kwa heshima amejuaje. Huenda kilichosomwa ni waya wa valvu. Huenda ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ambayo haina undugu na tangi.

Namba ndiyo msingi wa mazungumzo yote. Kila kosa la aina hii lina msimbo wake unaoanza na herufi P. P0455 ni uvujaji mkubwa: mfuniko haupo au haukufungwa, mpira umechomoka, valvu imebaki wazi. P0442 ni uvujaji mdogo, tundu la milimita moja hivi, na P0456 ni mdogo zaidi, ile nusu milimita. P0441 inasema mvuke haupiti inavyotakiwa, na mtuhumiwa wa kwanza ni valvu ya mbele. P0443 inahusu umeme wa valvu hiyo hiyo. P0446 inakupeleka nyuma, kwenye njia ya hewa safi. Mwambie fundi hivi: "Kaka, kabla hujafuta, naomba uniandikie namba." Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na mshale wa mafuta ulikuwa wapi. Ukiweza, nunua kile kipimo kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kusomeka kwa simu. Si kitu cha mafundi peke yao, na ukishakuwa nacho hutabembeleza mtu akusomee gari lako.

Ukishapata namba, anza na kisicho na gharama: mfuniko wa tangi. Ufungue, tazama ule mpira wa duara uliouzunguka. Umekauka? Una ufa? Umejaa vumbi la barabara ya changarawe? Pangusa mpira, pangusa na mdomo wa shingo ya tangi, angalia kama kuna kutu pale mpira unapokaa. Funga mpaka usikie ule mlio wa kuashiria kwamba umekaza. Kuna wanaofunga nusunusu kwa haraka, na kuna mifuniko inayoachwa juu ya bodi kwenye sheli ikaangukia njiani, mwenye gari akaokoa siku kwa nailoni na kitambaa, kisha kitambaa kikawa cha kudumu. Ukinunua mwingine, usichague unaoingia tu. Mfuniko wa gari la aina hii una valvu ndogo ndani yake inayofunguka mgandamizo ukizidi, kwa hiyo unatakiwa uwe wa gari lako hasa. Wa kubahatisha utafunga shingo vizuri na taa itawaka vilevile.

Jambo la pili ni namna unavyojaza mafuta, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoushuku ugonjwa wa gari lako. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Wote tunajua Jumanne yake inavyokuwa pale minong'ono ikisema bei inapanda: foleni, na kila mtu anamwambia kijana wa pampu, "Jaza mpaka shingoni." Pampu inakata yenyewe, kijana anaongeza, inakata tena, anatikisa gari, anaongeza. Yale mafuta ya nyongeza hayana pa kukaa. Petroli imetoka kwenye tangi la ardhini ikiwa ya baridi. Ikipata joto inatanuka, kiasi kwamba lita 50 zikiongezeka nyuzi joto 15 zinazidi kwa karibu robo tatu ya lita. Itaenda wapi? Inasukumwa kwenye njia ya mvuke, inaingia kwenye kanista ikiwa majimaji. Mkaa ule uliwekewa mvuke. Ukilowa petroli unaacha kunasa, na baada ya muda punje zake zinameguka na kuwa vumbi.

Vumbi hilo ndilo linaloeleza kwa nini valvu yako mpya haikusaidia. Injini ikinyonya mvuke, inanyonya na punje za mkaa, zinakwama kwenye valvu ya mbele, inashindwa kufunga. Fundi anaikuta imebaki wazi, anaibadilisha, na hajakosea: valvu kweli ilikuwa mbovu. Lakini kanista iliyoiua bado iko nyuma inaendelea kumwaga vumbi, na valvu mpya inapata ugonjwa ule ule. Kujua ni rahisi. Ile valvu ya zamani, kama bado ipo, igonge taratibu juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka chembe nyeusi, kanista imekwisha, na kubadilisha valvu peke yake ni kutupa hela. Badilisheni kanista, mpulize mpira wote unaotoka nyuma hadi mbele ukiwa umechomolewa pande zote, ndipo muweke valvu. Na dalili nyingine ya valvu iliyobaki wazi: gari likitoka kujaza mafuta linasumbua kuwaka, linakohoa kidogo, kisha linakaa sawa. Kama umewahi kuiona hiyo, ungeniandikia mapema.

Valvu zenyewe hupimwa kwa mdomo, hakuna uchawi. Ya mbele, kwa kawaida, ikichomolewa umeme inatakiwa iwe imefunga. Ukipuliza hewa isipite. Ya nyuma ni kinyume chake, bila umeme iko wazi. Mwombe fundi akufanyie mbele ya macho yako, zikiwa zimetolewa garini na kufutwa.

Hiyo ya nyuma ina maadui zake. Iko chini ya gari, inakula vumbi kiangazi na tope masika, na kichujio chake kikiziba tangi linashindwa kuvuta hewa. Ukifungua mfuniko ukasikia mvumo mkubwa wa hewa ikiingia ndani kwa nguvu, mshuku huyo. Hata mdudu anatosha. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita gereji magari 65,000 hivi aina ya Mazda6 huko Amerika ya Kaskazini kwa sababu ya buibui wa njano waliokuwa wakivutiwa na harufu ya petroli na kutanda utando kwenye njia ya hewa ya tangi. Njia ikiziba, tangi linanyonywa kutoka ndani hadi linaweza kupasuka. Mwaka 2014 wakaita mengine 42,000 kwa buibui yule yule. Kwa hiyo fundi akikuambia "kuna utando huku", usimcheke.

Panya nao wasisahaulike, hasa msimu wa alizeti. Gari likilala jirani na stoo ya magunia, panya hupanda kwenye injini yenye joto na kutafuna mipira. Fuata kila mpira kwa vidole, upande wa chini ambao macho hayafiki, na uukunje kidogo, maana ufa wa mpira mkavu huonekana ukikunjwa.

Ukifika hapo bila kupata kitu na namba ni ile P0456, acheni kubahatisha. Kuna mashine inayopuliza moshi mwepesi ndani ya mfumo kwa nguvu ndogo sana. Moshi unapochungulia, tundu ndipo lilipo. Ni kazi ile ile ya fundi baiskeli anayezamisha tyubu kwenye karai na kungoja mapovu. Ulizia gereji zenye mashine hiyo ukipata safari ya mji mkubwa, Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, na upime kwanza ndipo ununue spea. Lakini sikia hili vizuri: mtu asichomeke kompresa ya matairi kwenye tangi lako "tuone inapotokea". Mfumo huu umetengenezwa kwa mgandamizo mdogo mno. Kompresa itapasua valvu na kanista, na kupuliza hewa kwa nguvu kwenye tangi lenye mvuke wa petroli ni kuutafuta moto.

Yuko na fundi wa aina nyingine, mcheshi, anayeshika kanista na kusema, "Dada, hiki kidude hakina kazi, tukitoe, tuzibe mipira, gari litatembea tu." Litatembea, kweli. Ila mvuke utatafuta pa kutokea, na pa kutokea panaweza kuwa chini ya kiti cha nyuma wanakokaa watoto. Tangi lililozibwa njia zote nalo linavimba kwa joto mchana na kunyonywa likipoa usiku. Ukikuta gari unalotaka kulinunua limetolewa kanista, punguza bei au ondoka.

Kuhusu malipo, mdogo wangu, usione aibu. Mwambie fundi utalipa gharama ya kupima, na utalipa ya kutengeneza, lakini hulipii kufuta. Spea ya zamani aikurudishie, iwe mbovu iwe nzima, ni mali yako. Kama unaagiza kutoka Dar kwa basi, tuma picha ya namba iliyoandikwa kwenye spea yenyewe na si jina la gari pekee. Ya mtumba kwa valvu nakubali, ilimradi ipimwe kwa kupulizwa kabla ya pesa kutoka. Kwa kanista nakataa. Hujui mwenzako aliijaza mafuta mara ngapi.

Baada ya matengenezo, usimwombe afute hapo hapo ukaondoka unashangilia. Kama tundu limezibwa kweli, magari mengi huzima taa yenyewe baada ya majaribio matatu mazuri mfululizo. Weka mafuta nusu tangi, liache lilale, asubuhi liendeshe taratibu likiwa la baridi, fanya hivyo siku kadhaa. Ikizimika bila mkono wa mtu, umepona. Kuchomoa betri ili taa ipotee hakusaidii kitu. Kunafuta kumbukumbu zote pamoja na zile ambazo fundi anayefuata angezihitaji.

Shemeji mwambie asubiri mwezi mmoja. Kuanzia leo pampu ikikata, imekata, hata kama kesho yake bei inapanda. Itafute ile valvu ya zamani uigonge kwenye karatasi, kisha niandikie mambo manne: namba ya kosa, aina na mwaka wa gari, mafuta yalikuwa kiasi gani taa ilipowaka, na kama karatasi ilichafuka.